Ufuko wa Matema na Lyulilo

Ufuko wa Matema na Lyulilo ni ukanda wa mchanga katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania. Upande wa magharibi umepakana na mdomo wa mto Lufilyo. Upande wa mashariki unaishia Lyulilo, kijiji cha wavuvi na soko kilicho chini kabisa ya Milima ya Livingstone, kilomita 2 hivi kutoka katikati ya Matema. Watu huja hapa kuogelea, kupanda mitumbwi, kutazama samaki na ndege, kutembea kwa miguu, au kukaa tu kivulini na kulitazama ziwa.

Ufuko huu si hifadhi ya taifa, na jambo hilo linamhusu mgeni kuliko anavyodhani.

Mahali pasipo lango

Katika Ziwa Tanganyika Tanzania ina hifadhi za Gombe na Mahale, na katika Ziwa Viktoria ina Rubondo. Kwenye pwani ya Tanzania ya Ziwa Nyasa hakuna hifadhi ya taifa hata moja. Ng'ambo ya kusini, Malawi ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi mwaka 1980 kwa ajili ya kulinda samaki, na mwaka 1984 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. (Ziwa ni lilelile: Wamalawi huliita Ziwa Malawi, na nchi hizo mbili hazijakubaliana mpaka upite wapi, jambo linalotokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890.)

Kwa hiyo anayefika Matema au Lyulilo hakuti lango la hifadhi, kiingilio cha serikali, wala askari wa kumwambia asivuke hapa au asioge pale. Wengi hulifurahia jambo hilo, na ni haki yao. Lakini katika hifadhi mtu hulipia pia maarifa: ubao wenye onyo, mwongozaji, ramani. Hapa maarifa hayo yamo vichwani mwa wavuvi na akina mama wanaoteka maji, na mgeni huyapata kwa kuuliza tu. Makala hii inaeleza yale ambayo ubao huo ungeyaeleza.

Sheria hata hivyo zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iliweka msingi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wanachama wake ni wanavijiji wenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini kote tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mto na mlima

Ziwa Nyasa limelala ndani ya Bonde la Ufa. Lina urefu wa karibu kilomita 560, eneo la takriban kilomita za mraba 29,600, na kina kinachofikia mita 700 na zaidi kidogo. Uso wake uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Livingstone ni ukuta wa mashariki wa bonde hilo: ardhi ilipopasuka, upande mmoja ulididimia na mwingine ukabaki juu. Ndiyo maana kutoka Lyulilo kuelekea kusini milima huingia majini moja kwa moja, bila tambarare ya kulima wala ya kujenga barabara.

Upande wa magharibi hali ni kinyume. Mito minne mikubwa, yaani Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, imeleta udongo na mchanga kutoka milimani kwa maelfu ya miaka na kujenga tambarare ya Kyela, nchi ya mpunga na kakao. Lufilyo ndio wa mashariki kabisa kati ya hiyo minne. Unateremka kutoka nyanda za juu za Mwakaleli ukifuata mguu wa Milima ya Livingstone, kisha unaingia ziwani karibu na Matema.

Ufuko wenyewe umekaa kati ya vitu hivi viwili. Mto huleta mchanga, mawimbi huutandaza, na mlima huuzuia usiendelee mbele. Mtu akitembea kutoka mdomo wa Lufilyo hadi Lyulilo anaweza kuliona hilo kwa macho: anaanza na matope na matete, anapita kwenye mchanga safi, na kuishia kwenye majabali. Mwalimu wa jiografia mwenye wanafunzi wa kidato cha tatu hawezi kupata somo jepesi zaidi la mmomonyoko na mashapo.

Kuhusu jina la milima: lilitolewa na wasafiri Waingereza katika miaka ya 1870, baada ya kifo cha David Livingstone mwaka 1873. Livingstone alilifikia ziwa upande wa kusini mwaka 1859, lakini hakuwahi kuufikia mwisho huu wa kaskazini. Wakinga, ambao wamekaa juu ya milima hiyo tangu zamani, hawakuulizwa.

Mdomo wa Lufilyo

Hapa ndipo penye ndege wengi, na wageni hupelekwa kwa mtumbwi kuwatazama mamba na viboko. Ni matembezi mazuri asubuhi, yakifanywa na mtu anayeujua mto. Bila mtu huyo, hapa ndipo mahali pa hatari kuliko pote katika ufuko.

Mamba hukaa kwenye mdomo wa mto kwa sababu zinazoeleweka. Maji yake yana tope, kwa hiyo mamba haonekani. Matete humpa maficho. Samaki hukusanyika hapo, hasa wakati wa mvua. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji ya kahawia ya Lufilyo huenea ziwani mbali na mdomo wenyewe, na mgeni aliyeoga mahali fulani jana katika maji maangavu asidhani kwamba leo mahali hapo ni palepale. Maji yakibadilika rangi, toka.

Kanuni ambazo wenyeji wa mito yenye mamba huzifuata ni chache: usioge karibu na mdomo wa mto wala kwenye matete, usiingie majini jioni au usiku, kwa maana mamba huwinda zaidi gizani, usirudi kuteka maji au kuosha vyombo mahali palepale saa ileile kila siku, kwani mamba hujifunza desturi za watu, na usipige kambi kando ya mto, kwa sababu viboko hutoka usiku kula majani na hawampishi mtu njiani. Anayetaka kuogelea aulize kwanza watoto wa kijiji wanaogea wapi. Mahali ambapo wao hawaogi pana sababu.

Mdomo wa mto una thamani nyingine isiyoonekana na mtalii. Samaki aitwaye mbasa, anayependwa sana Kyela, hukua ziwani lakini hupanda mito kutaga mayai wakati wa mvua. Mbasa wanapokusanyika mdomoni tayari kupanda, nyavu huwanasa kwa urahisi kabla hawajataga. Kwa hiyo mgeni anayeagiza mbasa wa kuchoma afanye hivyo akijua kwamba samaki huyu hupungua pale anapovuliwa kwa wingi njiani kwenda kuzaa. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wao huzaliana upesi na ni chakula kizuri sana.

Kuogelea, kichocho na malaria

Katikati ya ufuko, mbali na mto, mchanga ni safi na maji huwa na joto la kupendeza karibu mwaka mzima. Mgeni asitegemee kukuta mwokoaji. Asiyejua kuogelea asipite kimo cha kiuno, na watoto wawe na mtu mzima majini, siyo mtu mzima aliyekaa mchangani na simu. Upande wa Lyulilo, penye majabali, kina huongezeka ghafla.

Kichocho kimo katika sehemu nyingi za Ziwa Nyasa. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache tu. Watu wengi huamini kwamba kichocho kiko kwenye majani na maji yaliyotuama, na kwamba mchanga mtupu wenye mawimbi ni salama. Kwa sehemu ni kweli, lakini kusini mwa ziwa imethibitishwa kwamba aina mojawapo ya konokono hao huishi kwenye mchanga wa wazi. Kwa hiyo hakuna mahali pa kuapia. Kujifuta kwa taulo mara baada ya kutoka majini husaidia kidogo. La maana zaidi ni kwenda kupimwa au kupata dawa ya praziquantel wiki sita hadi nane baada ya safari. Kuimeza siku ya pili baada ya kuoga hakutoshi, kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga.

Malaria ni jambo la kawaida Kyela. Chandarua ni lazima. Matema kuna hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Konde, na anayepata homa asisubiri kurudi mjini.

Mara nyingine mgeni huona nguzo za moshi zikisimama juu ya maji mbali, na kudhani meli inaungua. Hao ni wadudu wadogo waitwao kungu, wanaotoka majini kwa mamilioni. Hawaumi. Sehemu mbalimbali za ziwa watu huwakusanya na kuwakandamiza kuwa mkate unaoliwa kama kitoweo.

Ziwa linapochafuka

Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huvuma ukipita katikati ya milima kama ndani ya bomba. Kwa kuwa ziwa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, mawimbi hupata mamia ya kilomita ya kukua kabla ya kufika pwani ya Kyela. Huku kaskazini ndiko yanakovunjikia. Asubuhi ziwa linaweza kuwa kama kioo, na alasiri wavuvi wenye uzoefu wakakataa kutoka.

Mtumbwi wa gogo ni chombo kizuri mikononi mwa mwenyewe. Mgeni anayekodi mtumbwi au boti akubali kuondoka asubuhi, avae jaketi la kuokolea na kulifunga, na asishindane na nahodha anaposema leo hapana. Pesa aliyokwisha kulipa isiwe sababu ya kumshinikiza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa makuu, likiwemo Nyasa, na ni vema kuusikiliza kabla ya kupanga safari ya majini.

Miamba ya Lyulilo

Kuanzia Lyulilo kwenda kusini, ufuko wa mchanga hubadilika kuwa majabali, na maji huwa maangavu kwa sababu hakuna mto mkubwa wa kuyachafua. Hapa mtu mwenye miwani ya kuogelea huona kitu ambacho watu wengine duniani hulipia kukiona ndani ya tangi la kioo: samaki wadogo wa buluu, manjano na zambarau, wakila mwani uliogandamana na mawe. Huitwa mbuna.

Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote. Mbuna hawapendi kuvuka mchanga wala maji ya kina, kwa hiyo kundi la kwenye rundo moja la mawe linaweza kukaa vizazi vingi bila kuchanganyika na kundi la rundo jingine, na taratibu yakawa ya rangi tofauti. Wengi hubeba mayai na watoto wao kinywani. Kutokana na tabia hizo wanasayansi wamelifanya ziwa hili kuwa moja ya mifano mikuu ya jinsi spishi mpya zinavyotokea. Tabia hizohizo huwafanya mbuna kuwa dhaifu: kundi la mawe fulani likimalizwa, si rahisi wengine kuja kujaza nafasi. Basi usigeuze mawe, na usichukue samaki kwenye chupa.

Vyungu vya Wakisi

Chini ya milima wanaishi Wakisi, watu wa pwani nyembamba isiyo na mashamba mapana. Tangu zamani wanawake wa Kikisi wamekuwa wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao ndivyo vilivyowaletea nafaka kutoka kwa jirani zao Wanyakyusa wa tambarare. Kijiji kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Ikombe, kusini ya Lyulilo, ambacho hufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu kwa njia nyembamba ya kando ya mlima.

Mfinyanzi wa Kikisi hatumii gurudumu la mashine. Huuzungusha udongo kwa mkono huku akiukuza na kuulainisha, kisha chungu hukaushwa, hupambwa kwa udongo mweupe na mwekundu, na kuchomwa motoni mahali pa wazi. Vyungu huletwa kwa mitumbwi Lyulilo, ambako kuna soko siku ya Jumamosi, na kutoka hapo husambazwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Mgeni anayepanga siku moja tu ya matembezi aichague Jumamosi.

Bei ya chungu ni ndogo ukilinganisha na kazi yake: kuchimba udongo, kuukanda, kukusanya kuni, kuchoma, kupiga makasia, na hasara ya vinavyopasuka njiani. Kupatana bei ni desturi ya soko na hakuna ubaya. Ila kushusha bei ya mama aliyevuka ziwa alfajiri hadi nusu, kisha kwenda kunywa soda tatu kwa fedha iliyobaki, si ujanja.

Adabu za pwani

Ufuko ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa starehe. Usipa huanikwa mchangani au kwenye vichanja, nyavu hutandazwa kukauka, na mitumbwi huvutwa kwa kamba. Usikanyage nyavu, usikalie mtumbwi wa mtu bila ruhusa, na usipite juu ya dagaa walioanikwa. Usiku taa zinazoonekana kama mji majini ni za wavuvi wa usipa.

Sehemu nyingine hutumiwa na wanawake kuoga na kufua, nyingine na wanaume. Mgeni asielekeze kamera huko. Vazi la kuogelea halimshangazi mtu mbele ya nyumba za wageni, lakini sokoni Lyulilo mtu ajifunge kanga au avae suruali. Wazee huamkiwa shikamoo kama kwingineko nchini, na anayejua kusema "mugonile" kwa salamu na "ndaga fijo" kwa asante huwa amefungua mlango kwa Wanyakyusa.

Taka ni suala la kweli. Chupa iliyotupwa mchangani Jumapili huwa majini Jumatatu, kwa kuwa mawimbi hufika mbali kuliko yanavyoonekana mchana. Ulichokuja nacho kirudi nacho mpaka Kyela au Mbeya.

Kufika na majira

Kutoka Mbeya barabara ya lami hupita Uyole na Tukuyu kuelekea mpakani Kasumulu. Katika njia hiyo, mahali paitwapo Kikusya, barabara huchepuka kwenda Ipinda na Matema, umbali wa kilomita 39 hivi. Zamani kipande hiki kilikuwa cha vumbi na tope na kiliwatesa wasafiri; sasa kimewekwa lami. Magari ya abiria hupatikana kupitia Kyela mjini na Ipinda. Njia nyingine kutoka Tukuyu hupitia Masoko, penye ziwa dogo la kreta ambalo watu husimulia kwamba Wajerumani walitupa humo fedha zao, wengi wamezitafuta. Kutoka Matema hadi Lyulilo ni mwendo wa miguu kando ya maji, au bodaboda.

Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu hewa yenye unyevu wa ziwa hugonga milima na kupanda. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, zikizidi Machi na Aprili, wakati mito hufurika tambarare. Juni na Julai kuna ubaridi wa kupendeza lakini upepo. Septemba na Oktoba ziwa hutulia zaidi, ingawa joto ni kali.

Kupanda mlimani

Juu ya milima hiyohiyo kuna Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, yenye eneo la kilomita za mraba 413 hivi na maua ya kila aina. Uwanda wake uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya kilomita mbili kwa kimo juu ya kichwa cha mtu anayeoga Lyulilo. Wasafiri wa miguu huweza kushuka kutoka Kitulo kupitia misitu ya Livingstone hadi Matema. Safari hiyo huanzia ndani ya hifadhi, kwa hiyo mipango yake, kiingilio na mwongozaji hupatikana kwa TANAPA. Afadhali kushuka kuliko kupanda, na kubeba sweta pamoja na vazi la kuogelea katika mfuko mmoja, maana asubuhi unaweza kuamka kwenye baridi kali na siku inayofuata ukalala chini ya chandarua.